Sifuri kwa Dakika Nne

Waliileta Jumanne, imefungwa blanketi
kama mgonjwa anayehamishwa wodi,
wanaume wawili, na Bwana Treharne wa uhasibu
akizuia mlango kwa kisigino.
Mvua ya Wales haina haraka; ilikuwa ikinyesha tangu Ijumaa.
Tukaipa kompyuta meza iliyokuwa ya chai.

Maktaba yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu.
Wengine walikuwa na moyo, figo, macho, watoto.
Sisi tulikuwa na vumbi:
la makaa, la mawe, la pamba, la nyasi zilizovunda ghalani,
miaka sabini ya kukohoa
iliyotiwa majalada ya kijani,
na kadi elfu arobaini katika droo za mwaloni
alizozijaza Bi Tegwen Mathias peke yake,
mwandiko mwembamba kama nyayo za shomoro,
hadi alipostaafu, akaniachia funguo na onyo:
"Usimwamini daktari anayesema anaukumbuka mwaka."

Sasa kuuliza kukawa na bei.
Unapiga namba, unangoja ule mluzi,
unaulaza mkono wa simu kwenye vikombe viwili vya mpira
kama mtoto aliyesinzia, usipumue,
na huko ng'ambo ya Atlantiki kitu kinaamka
na kuanza kuhesabu pesa.
Dakika moja, mkate na nusu. Nilipiga hesabu.
Kwa hiyo swali niliandika kwanza kwa penseli,
nikalifuta, nikalikata mkia,
ndipo nikathubutu.

Haikujua "vumbi".
Baba alikufa kwa vumbi. Ndivyo tulivyosema bondeni,
"ana vumbi", basi,
na kila mtu akajua ni ngazi ngapi angeweza kupanda.
Mashine ilitaka jina la Kigiriki, herufi kumi na nne;
ukikosea moja inakujibu kwa adabu: hakuna.

Sisemi uongo, ilinipa pia.
Siku ya kumi posta ilileta bahasha nene kama godoro,
majina ya makala mia mbili na sita,
Poland, Japani, mji wa Chile nisioweza kuutamka,
watu wa mbali wakikohoa kikohozi cha kwetu.
Nilikaa sakafuni kuisoma karatasi ile yenye matundu pembeni,
nikasahau kula.

Kisha Daktari Bapat akaingia, nywele zinachuruzika.
"Wanawake waliochambua makaa juu ya ardhi, wale wa zamani,
kuna aliyewapima mapafu?"
Dakika nne. Mikate sita. Sifuri.
Kumbukumbu ya mashine ilianza mwaka wa sitini na sita;
kabla ya hapo, kwake, hakuna aliyekohoa.

Nikaenda kwenye droo.
Kidole kinajua njia kuliko kichwa.
Kadi ya mwaka thelathini na nane, *Wachimbaji, wanaume*,
na nyuma yake, kwa penseli ya Bi Tegwen:
*Wanawake 11, jedwali la mwisho, tanbihi.
Wamehesabiwa kama wanaume. Nimeandika barua. Sijajibiwa.*

Daktari Bapat aliisoma akiwa amesimama,
akaomba kiti.

Amri ya kuzitupa kadi ilikuja baada ya Pasaka.
Nafasi ya maelezo: herufi themanini.
Nilibaki jioni baada ya jioni, koti mabegani,
nikiubana mwandiko wa shomoro uingie:
*wanawake 11, tanbihi*, hapo sawa,
lakini *sijajibiwa* ilidondoka ukingoni,
nikaianza upya, ikadondoka tena.

Droo moja niliiba.
Nasema sasa, Treharne ameshazikwa.
Iko jikoni, juu ya kabati la vikombe,
na mjukuu wangu huuliza ni ya nini,
nami humwambia ni nzito, asiiguse.

Ngazi za nyumba hii ni kumi na tatu.
Baba aliishia ya tano.
Bado nikifika pale
nashika ukuta, bila sababu,
nasubiri kidogo.